AC ya gari la umeme Dar inakula saa, haili kilomita

Bonyeza kitufe cha AC kwenye Nissan Leaf huku macho yako yakiwa kwenye dashibodi. Palipokuwa pameandikwa kilomita 120 panageuka 107 au 108 kabla hata ubaridi haujakufikia usoni. Gari halijasogea, na betri haijapungua chochote cha maana. Lakini dereva ameshaona kilomita zake kumi na kitu zikiyeyuka, na kuanzia siku hiyo kila atakayemuuliza kuhusu magari ya umeme atajibiwa hivi: "Ni mazuri, ila AC inakomba chaji."

Ndivyo habari inavyosambaa mjini. Niliwahi kupanda teksi mtandao ya umeme pale Mwenge, mchana wa Februari, vioo vyote viko chini, dereva shati limemganda mgongoni. Nikamuuliza kama AC ni mbovu. "Nzima kabisa, bosi wangu. Ila nikiiwasha hapa, Goba sirudi." Nikachungulia dashibodi: asilimia 61. Kwa chaji hiyo angekwenda Goba, akarudi Mwenge, akaenda tena Goba na AC inavuma, na bado angelala na akiba. Lakini namba ile ilikuwa imeshamtisha, na mimi abiria nikalipia safari ya joto.

Siwalaumu madereva. Namba ya kwenye dashibodi ni makisio ya kompyuta, nayo inakisia kwa kuangalia ulivyoendesha muda mfupi uliopita pamoja na vitu ulivyowasha sasa hivi. Inadhani mzigo wa dakika hii utaendelea hivyo hivyo hadi betri iishe. Kwenye dakika za mwanzo, gari likiwa limetoka juani, AC inakula kuliko itakavyokula baadaye, hivyo makisio yanaanza kwa hofu. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba yanaonyeshwa kwa kilomita, na kwa jiji hili kilomita ni kipimo kibovu cha kupimia AC.

Uzuri wa mtu wa Dar ni kwamba hahitaji kufundishwa kilowati-saa ni kitu gani. Anaijua kwa jina la uniti, na anaijua kwa uchungu, maana huinunua kwa simu na kuiingiza kwenye mita ya LUKU kwa tarakimu ishirini. Basi tuhesabu kwa uniti. Gari dogo la umeme kwa mwendo wa mjini hutumia uniti 14 hivi kwa kilomita 100. Kiasi hicho kinafuata umbali: ukienda mbali unatumia zaidi, ukisimama matumizi hayo yanasimama nayo. AC haiko hivyo. Ikishapoza gari inatulia kwenye uniti moja na robo kwa saa hivi, iwe unatembea, umesimama, au unagombana na trafiki. Haijui gari limekwenda kilomita ngapi.

Sasa chukua safari ya kilomita 100. Ukiweza kwenda mwendo wa 60 kwa saa, utamaliza kwa saa moja na dakika arobaini, na AC itakuwa imekula uniti mbili tu juu ya zile 14. Hiyo ni sehemu ndogo. Ukienda wastani wa 20 kwa saa, ambao kwa Barabara ya Bagamoyo jioni ni mwendo wa bahati, safari inachukua saa tano na AC inakula uniti sita. Ukienda wastani wa 10, saa zinakuwa kumi na AC inakula zaidi ya uniti 12, karibu sawa na ulichotumia kulisogeza gari lenyewe. Gari ni lile lile, AC ni ile ile, na joto la nje halijabadilika. Kilichobadilika ni foleni.

Kwa hiyo mtu wa Mikocheni anayekwenda Masaki kwa robo saa na mtu wa Tegeta anayeteremka Posta kila asubuhi wanaposimuliana habari za AC, kila mmoja anadhani mwenzake ni mwongo. Huyu wa Tegeta ana kilomita kama 25 za kwenda. Kuendesha kunamlia uniti tatu na nusu. Akikaa barabarani saa mbili, AC inamlia karibu tatu, ukijumlisha na zile dakika za mwanzo za kulipoza gari. Karibu nusu ya umeme wake wa asubuhi umekwenda kwenye ubaridi. Ukimwambia kwamba AC inapunguza masafa, yaani umbali wa chaji moja, kwa asilimia 17 tu atakucheka.

Hiyo asilimia 17 sikuitunga. Chama cha madereva cha Marekani, AAA, kilipima magari matano ya umeme mwaka 2019, Leaf ikiwemo. Kwenye joto la nyuzi 35, AC ikiwa imewashwa, masafa yalipungua kwa asilimia 17 kwa wastani. Kwenye baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri, hita ikiwa imewashwa, yalipungua kwa asilimia 41. Kwa mwendo waliopimia, namba hizo ni sahihi kabisa. Ila hawakupima wakiwa wamekwama.

Ile 41 ndiyo iliyotuletea hofu. Sehemu kubwa ya maandishi kuhusu magari ya umeme imeandikwa na watu wa nchi za baridi, na wao wana malalamiko ya haki. Gari la petroli linapoteza joto jingi sana kwenye injini, na hita yake inaokota joto hilo bure. Dereva wa Norwei au Kanada aliyehamia umeme amegundua, kwa mara ya kwanza maishani, kwamba kupata joto ndani ya gari kunalipiwa. Kwenye magari mengi ya mwanzo joto hilo lilitoka kwenye hita ya nyaya, ambapo uniti moja ya umeme inatoa uniti moja ya joto na basi. Na kuna pengo kubwa la kuziba: kutoka nyuzi 7 chini ya sifuri hadi 20 ni nyuzi 27.

Sisi hatujawahi kupewa ubaridi wa bure. Tangu magari yenye AC yaanze kuingia hapa, kompresa, ile pampu ya AC, imekuwa ikizungushwa na mkanda wa injini na mafuta yakilipa. Na pengo letu ni dogo: nje 33, ndani 24, nyuzi tisa. Juu ya hapo kompresa haitengenezi baridi. Inachukua joto la ndani na kulitupa nje, na kwa uniti moja ya umeme huweza kuhamisha uniti mbili hadi tatu za joto. Hofu iliyozaliwa kwenye theluji imehamishiwa Kijitonyama bila hata kufanyiwa hesabu upya.

Tukija kwenye fedha, hofu inazidi kukosa miguu. Kwa bei iliyozoeleka ya matumizi ya kawaida, karibu shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi zake, elfu moja inakupa uniti 2.8. Maana yake mtu wetu wa Tegeta amekaa saa mbili kwenye ubaridi kwa elfu moja na ushee. Jirani yake kwenye foleni ile ile, mwenye gari la petroli la injini ndogo, anachoma kati ya nusu lita na lita nzima kwa saa akiwa amesimama tu na AC imewashwa. Kwa lita ya shilingi 3,000, saa mbili hizo ni kati ya elfu tatu na elfu sita. Yeye haoni chochote kwenye dashibodi, mshale wa mafuta unashuka polepole, na hakuna kompyuta inayomwambia "umepoteza kilomita 13". Angeambiwa, nadhani nusu ya magari ya makutano ya Morocco saa kumi na moja jioni yangekuwa na vioo chini.

Kuna jambo moja kwenye fedha ambalo wauzaji hawalisemi. Nyumba nyingi ziko kwenye ile bei nafuu ya matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, ambapo uniti inakuja kama shilingi 122. Ukianza kuchaji gari nyumbani, bei hiyo unaiaga. AC peke yake, kwa mtu wa saa mbili asubuhi na saa mbili jioni, ni zaidi ya uniti 100 kwa mwezi, kabla hujahesabu kulisogeza gari. Kwa hiyo friji, taa na pasi za nyumbani nazo zinapanda bei. Hiyo ndiyo gharama ya kupigia hesabu, na inakuja kwenye mita ya ukutani, mbali na kioo cha dashibodi ambacho watu wanakikodolea macho.

Kwa hiyo AC si ghali. Lakini kuna kitu inakifanya Dar ambacho haikifanyi kwenye miji mikavu yenye joto la kiwango hiki, nacho kinafaa kueleweka vizuri kwa sababu hapo ndipo pa kubania.

Angalia chini ya gari lililosimama na AC imewashwa. Karibu na tairi la mbele utaona maji yanadondoka, tone kwa tone, hadi yanatengeneza kidimbwi kwenye lami. Wageni wa magari hudhani rejeta inavuja. Ni maji ya hewa. Hewa ya Dar Februari na Machi imejaa mvuke, na ikigusa mabomba ya baridi ndani ya dashibodi inauacha pale kama maji. Kazi ya kugeuza mvuke kuwa maji inakula nguvu: kila lita inayodondoka imedai joto la theluthi mbili za uniti liondolewe, na kwa kompresa ya kawaida hiyo ni zaidi kidogo ya robo uniti ya umeme. Ukiacha hewa ya nje iingie muda wote, lita nzima kwa saa ni jambo la kawaida kabisa. Ndiyo maana nyuzi 33 za Dar ni nzito kwa AC kuliko nyuzi 33 za Dodoma, ambako hewa ni kavu. Kipimajoto kinasema sawa, mita ya umeme inasema tofauti.

Dawa yake iko kwenye kila gari na haina gharama: kile kitufe chenye picha ya gari na mshale unaojikunja ndani. Kinafunga hewa ya nje, AC inaanza kupoza hewa ambayo imeshakaushwa na kupozwa. Dakika mbili tatu za mwanzo, kama gari lilikuwa juani, acha vioo wazi joto la ndani litoke kwanza, kisha funga na ubonyeze. Kwenye foleni ndefu fungua hewa ya nje mara moja moja ili pumzi za watu zisirundikane ndani mkaanza kusinzia. Na usiweke nyuzi 18. Watu wanaweka 18 wakiamini gari litapoa haraka. Wanachopata ni kompresa isiyopumzika na abiria wa nyuma aliyejifunika kanga. Weka 24 au 25. Ukishaukausha unyevu, 25 ya Dar inatosha kabisa kumkausha mtu jasho.

Kitu cha pili ni jua. Dar iko chini kidogo ya nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na kabla ya katikati ya Oktoba. Mchana wa anga safi, kila mita ya mraba inayolitazama jua hupokea karibu kilowati moja. Kioo cha mbele peke yake kina ukubwa wa karibu mita moja ya mraba, ongeza vya pembeni na cha nyuma. Gari lililofungwa juani saa nzima linapita nyuzi 50 ndani, na dashibodi yenyewe huwezi kuweka kiganja. Gari likiwa katika hali hiyo, AC inaanza kwa kula uniti tatu hadi nne kwa saa, na inaweza kuendelea hivyo kwa dakika kumi. Kwa mtu wa vituo vingi, anayeshuka Kariakoo, anapanda, anashuka Upanga, anapanda, dakika hizo kumi zinarudi kila mara, na jumla yake inaweza kushinda AC ya safari yenyewe.

Hapo ndipo ushauri wa kutoka nje unapogonga mwamba. Kila mwongozo wa gari la umeme unakuambia lipoze gari kwa simu likiwa bado kwenye chaji, ili ubaridi wa mwanzo ulipwe na umeme wa ukutani. Ushauri mzuri, kwa mtu anayechaji kazini. Wengi wetu tunachaji usiku nyumbani. Saa kumi na mbili asubuhi gari limepoa lenyewe, halihitaji kupozwa. Linapohitaji ni saa tisa alasiri kwenye maegesho ya Posta, ambako hakuna tundu la umeme hata la kuchajia simu. Kwa Dar, kivuli cha mkungu kinashinda programu ya simu, na lile pazia la kung'aa la kioo cha mbele, linalouzwa na vijana kwenye mataa, linafanya kazi ya maana kuliko wengi wanavyodhani. Tinti nayo ina uongo wake: weusi unazuia mwanga, lakini karibu nusu ya joto la jua linakuja kwa miale isiyoonekana kwa macho, na tinti nyeusi ya bei rahisi hainasi kiasi kikubwa cha hiyo. Kuna karatasi za kioo zinazoizuia huku zikiwa karibu nyeupe. Ni ghali, lakini zinaipunguzia AC kazi.

Waajiri wenye maegesho ya wazi mjini wangeezeka paa. Sina haja ya kusema mengi hapo. Paa la bati juu ya magari ishirini lina faida hata kama yote ni ya petroli.

Na kufungua vioo? Chini ya mwendo wa 50 hivi, kioo kilicho wazi hakigharimu umeme wowote wa kuonekana. Ukipita 80 upepo unaanza kulizuia gari na faida inageuka hasara. Lakini hiyo ni hesabu ya mtu asiyeishi hapa. Kioo kikiwa chini kwenye foleni unakaribisha moshi wa lori, vumbi, na mkono wa kibaka unaotaka simu yako. Elfu moja ya AC dhidi ya simu ya laki tano. Hesabu hiyo haihitaji kalamu.

Yupo mtu mmoja ambaye hofu yake naikubali, naye ni yule yule dereva wa teksi, ingawa siku ile alikuwa amekosea hesabu. Anayekaa barabarani saa kumi kwa siku na AC imewashwa anatumia uniti 12 hadi 13 kwa ubaridi tu. Kwa fedha ni elfu nne na mia tatu hadi mia sita. Lakini kwa kilomita ni kama 90, na kwake kilomita ndiyo biashara. Betri yake ikiwa ndogo, uniti hizo zinamlazimisha kwenda kuchaji mara moja zaidi mchana, na saa moja kwenye chaji ni saa moja bila abiria. Na abiria nao wana joto lao: kila mtu mzima aliyekaa tu hutoa karibu wati 100, hivyo wanne ni wati 400 ambazo kompresa lazima izitupe nje. Ukimwambia dereva huyu "washa tu AC ni rahisi" hujamwelewa. Bei za safari mtandaoni zinahesabu umbali na muda, lakini hazijui kama AC ilikuwa imewashwa. Kampuni inayotaka magari ya umeme yenye ubaridi ingeweka kitufe cha abiria kuchagua AC na kuilipia mia mbili tatu. Abiria wengi tungelipa, na malumbano ya "bosi, tuvumilie kidogo" yangeisha.

Ukichunguza zaidi malalamiko yanayosikika mjini, mengi yanatoka kwenye Leaf za zamani kutoka Japani, zile za betri ya uniti 24. Leaf ilianza kuuzwa Desemba 2010, na betri yake haina mfumo wa maji wa kuipoza. Inategemea upepo tu. Mwaka 2012 wamiliki wa Phoenix, Arizona, jiji la jangwani, walianza kulalamika kwamba mistari ya uwezo wa betri inapotea mapema. Mistari hiyo iko 12 pembeni mwa kipimo cha chaji, na wa kwanza unapotea betri ikiwa imeshapoteza takribani asilimia 15. Nissan ilibadilisha kemikali za betri kwenye toleo la 2015 ili ivumilie joto. Zile za kabla ya hapo ndizo zenye bei ya kuvutia kwenye yadi, na baadhi zinafika zikiwa na uniti 14 tu za kutumika.

Mpe mtu wa Tegeta gari hilo. Kwenda na kurudi Posta anahitaji uniti 7 za kuendesha na kama 5 na nusu za AC. Jumla 12 na nusu kati ya 14. Bila AC anarudi na nusu ya betri; akiwa na AC anaingia getini taa za tahadhari zikiwaka. Kwake ni kweli kwamba AC inamaliza chaji. Mwenye Leaf ya uniti 40 anafanya safari ile ile na AC ile ile na kurudi na zaidi ya nusu. Hata akikwama kwa mafuriko ya Jangwani usiku mzima, akiwa na betri iliyojaa anaweza kukaa kwenye ubaridi hadi asubuhi na gari bado likatembea. Betri iliyochoka inafanya AC ionekane mwizi, na muuzaji anafurahi AC ilaumiwe.

Tena joto linaloua betri halihusiani na AC uliyoiwasha. Betri inazeeka haraka ikikaa na chaji kamili huku ikiwa na joto kali, na hilo hutokea gari likiwa limeegeshwa. Anayejaza asilimia 100 kila usiku kisha akaliacha gari juani kutwa ili abanie AC njiani anabania uniti na kutupa betri. Magari mapya kama BYD ya China yanapoza betri kwa gesi ile ile ya AC, hivyo ukisikia kompresa inanguruma wakati wa chaji ya haraka wala hujawasha chochote, iache, inafanya kazi yako.

Neno kwa wanaopeleka magari haya kwa fundi wa AC wa kando ya barabara. Gesi ikipungua, kompresa inafanya kazi muda mrefu kwa ubaridi kidogo, na matumizi yanapanda, kwa hiyo kuiongeza ni sawa. Hatari iko kwenye oili. Kompresa ya gari la umeme ina mota ya umeme mkubwa ndani yake, na oili yake lazima iwe aina isiyopitisha umeme. Ile inayotumika kwenye kompresa za mkanda haifai. Kiasi kidogo tu kikiingia, gari linaweza kugundua umeme unavuja na kugoma kuwaka. Magari ya haiburidi, yenye injini na mota ya umeme pamoja, yaliyojaa mjini, yana kompresa za namna hiyo kwa miaka mingi sasa, na bado fundi anatumia mashine moja na oili moja kwa magari yote. Muulize ana oili gani kabla hajafungua boneti. Akikuambia oili ni oili, ondoka.

Kinachobaki ni namba za masafa zinazotangazwa. Leaf ya uniti 40 ilitangazwa Japani kuwa inakwenda kilomita 400 kwa kipimo chao cha zamani. Kipimo cha Marekani kiliipa gari hilo hilo kilomita 243. Kipimo kinachotumika Ulaya hufanyika kwenye nyuzi 23 na AC imezimwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichowahi kuiona Mbagala saa moja asubuhi. Anayeuza gari la umeme hapa angetakiwa kuandika kwenye kioo cha mbele namba mbili: kilomita kwa chaji moja AC ikiwa imewashwa, na saa ambazo gari linaweza kukaa kwenye foleni na AC yake. Namba hiyo ya pili ingewauzia magari mengi kuliko wanavyofikiri.

Hadi waandike, jaribu mwenyewe. Nenda yadi mchana wa saa saba, si asubuhi. Lisimamishwe juani lifungwe nusu saa, kisha liwashwe, weka AC nyuzi 24 hewa ya ndani, andika asilimia ya chaji, na ukae humo nusu saa nyingine bila kulisogeza. Litakuwa limetumia uniti moja na kitu. Kwa betri ya uniti 24 yenye afya hiyo ni asilimia tano hivi. Ikishuka nane au tisa, ama betri imeisha ama gesi haitoshi, na kwa lolote kati ya hayo bei aliyokutajia mwanzo inabidi ishuke.